Nani Aliking'oa Kibao?

Katika filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016, mkuu mmoja Mzungu wa NASA aitwaye Al Harrison anashika mtaimbo na kukibomoa kibao cha choo cha wanawake Weusi, huku wafanyakazi wakitazama kimya. Tukio hilo limewatoa wengi machozi. Halikutokea. Hata Harrison mwenyewe hakuwahi kuishi. Ni mhusika aliyeundwa kwa kuunganisha wakubwa kadhaa.

Utetezi unajulikana: sinema si kumbukumbu ya mahakama, na msanii ana uhuru wake. Anao. Simlaumu mtunzi anayeibana miaka ishirini ndani ya saa mbili. Lakini filamu hii inajitangaza kuwa kisa cha kweli, na inafunga kwa picha halisi za wanawake wale. Anayekopa heshima ya ukweli hana budi kuulizwa: ushujaa alioubuni amempa nani?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika maabara ya Langley, jimboni Virginia, wanawake Weusi waliokuwa wakipiga hesabu za ndege walitengewa meza katika ukumbi wa chakula, na juu ya meza hiyo kikawekwa kibao cha kuwabagua kwa rangi. Mmoja wao, Miriam Mann, alikitia mkobani akaondoka nacho. Kikawekwa kingine. Akakichukua nacho. Ikawa hivyo mara kwa mara hadi kibao hakikurudi tena. Hakuwa na mtaimbo wala watazamaji, na alijua fika kwamba kibarua chake kingeweza kuota nyasi. Kwa nini mwanamke huyu hakutosha kuwa shujaa wa filamu?

Katherine Johnson, ambaye filamu inamkimbiza hadi jengo la mbali kutafuta choo, kwa hakika alitumia choo cha karibu kisichokuwa na kibao, alipolalamikiwa, alipuuza. Dorothy Vaughan, anayeonyeshwa mwaka 1961 akiomba cheo cha usimamizi, alikuwa amekabidhiwa uongozi wa kitengo tangu 1949. Mary Jackson alikuwa mhandisi kufikia 1958, mwaka uleule NASA ilipoanzishwa na kitengo kilichotengwa kwa rangi kikavunjwa. Tazama basi kilichofanyika: ushindi ambao wanawake hawa walikuwa wameupata kwa miaka mingi ya ukaidi wa kimyakimya umesogezwa mbele na kutiwa mkononi mwa bosi. Mtumishi wa umma anayeitazama anafundishwa kusubiri mkubwa mwenye roho nzuri.

Ubunifu huweza pia kumtwisha mtu aibu. Gus Grissom alitua baharini Julai 1961; mlango wa chombo chake, Liberty Bell 7, ulifyatuka, maji yakaingia, chombo kikazama naye akanusurika kufa maji. Alisema hakuugusa. The Right Stuff, filamu ya mwaka 1983, inamchora kama mtu aliyetaharuki, na mtazamaji anaondoka akiamini kwamba aliufungua kwa woga.

Ushahidi ulikuwapo zamani. Oktoba 1962 Wally Schirra, akiwa tayari juu ya meli, aliufyatua mlango wa chombo chake kwa makusudi, na kifyatulio kikamuumiza mkono. Grissom hakukutwa na jeraha kama hilo. Wakubwa wake nao hawakumhesabu kuwa mwoga: walimpa uongozi wa Gemini 3 mwaka 1965, kisha wa Apollo 1. Ndani ya chombo hicho cha pili, Januari 27, 1967, yeye, Ed White na Roger Chaffee waliteketea katika jaribio la ardhini, nyuma ya mlango usioweza kufunguliwa upesi. Filamu ilipotoka, alikuwa kaburini miaka kumi na sita.