Maji, Udongo na Magari ya Mbio

Mama anayefagia ua wa udongo huanza kwa kunyunyiza maji. Akinyunyiza machache, vumbi humrudia usoni na kuingia hadi jikoni. Akizidisha, ua hugeuka tope na ufagio huchimba badala ya kufagia. Kipimo chake hakikuandikwa popote. Huutazama udongo, huukanyaga, huliangalia jua, kisha hujua. Katika mji mdogo wa Knoxville, jimbo la Iowa, huko Marekani, yako mashindano ya magari yanayotegemea kipimo hicho hicho, isipokuwa huko anayekosea hachafui jiko tu, bali huweza kuhatarisha uhai wa watu.

Magari yenyewe huitwa sprinti. Uwanja wa Knoxville ni duara refu la udongo lenye nusu maili, yaani mita 800 na kidogo, nao umo ndani ya viwanja vya maonyesho ya wilaya. Tangu mwaka 1961 hufanyika hapo, kila mwezi wa Agosti, mashindano yanayotukuzwa kuliko yote ya aina hiyo, yaitwayo Knoxville Nationals. Ni mwaka 2020 tu, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ambapo hayakufanyika.

Gari la sprinti ni kitu cha ajabu. Halina mlango wala kioo cha mbele. Halina stata, klachi wala giaboksi, na ili injini iwake sharti lisukumwe na gari jingine kutoka nyuma. Uzito wake pamoja na dereva haufiki kilo 700, lakini injini yake, ambayo huchoma methanoli badala ya petroli, hutoa nguvu za farasi 900 hivi. Juu yake limefungwa bawa pana la bati jepesi, linalokandamizwa na upepo ili magurudumu yazidi kuikamata ardhi. Tairi la nyuma la kulia ni kubwa kuliko mwenzake wa kushoto, kwa kuwa kona zote ni za kushoto. Tena gari hilo haliongozwi kwa usukani peke yake. Dereva hukanyaga mafuta, mkia ukatoka nje, na gari likapita kona kiubavu, magurudumu ya mbele yakitazama kulia ilhali gari lenyewe linakwenda kushoto. Yote hayo hutegemea jambo moja, nalo ni jinsi udongo unavyolishika tairi.

Udongo unaotafutwa kwa kazi hiyo ni wa mfinyanzi. Ule wa Knoxville ni mweusi na mzito, wa namna ile inayoganda kwenye jembe wakati wa mvua. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na maji kidogo yaliyomo kati yake ndiyo yanayozishikamanisha, kama kila mtengenezaji wa vyungu ajuavyo. Yakipungua, chembe huachana, zile za juu zikapeperuka kuwa vumbi na zilizobaki zikaviringika chini ya tairi kama mtama uliomwagika sakafuni. Yakizidi, maji hayo hayo yaliyokuwa gundi hugeuka kuwa mafuta ya kulainishia.

Kwa hiyo mtu wa kwanza katika mashindano haya si dereva, ingawa picha yake haipigwi na jina lake halitangazwi. Ni mtunza uwanja. Kazi yake huanza kabla ya siku ya mbio. Huutifua udongo, huumwagia maji kwa boza mara kwa mara ili unyevu uzame chini na usiishie juu tu, kisha huusawazisha kwa greda na kuushindilia. Kumwaga maji mengi mara moja hakusaidii. Hutuama juu na kufanya utelezi, na chini yake udongo ukabaki mkavu kama ulivyokuwa. Anahitaji unyevu wa ndani, ule utakaopanda polepole usiku kucha huku matairi yakiula uso wa juu. Baadhi ya viwanja hutia pia chumvi ya kalsiamu, ambayo huvuta na kushika unyevu. Lakini hakuna chumvi inayoushinda upepo. Alasiri yenye upepo mkavu huweza kunyonya maji ya siku nzima, na mawingu yakitanda ghafula, maji yaliyokadiriwa kwa jua kali huwa yamezidi. Mtunza uwanja hukisia saa tisa mchana hali itakayokuwapo saa nne usiku, na watu maelfu hununua tiketi kwa kutegemea kisio hilo.

Jioni inapokaribia, madereva huombwa watoe magari yao na kuzunguka polepole ili matairi yaushindilie udongo mbichi. Ni kazi ya shuruti isiyo na tuzo. Gari lililosafishwa tangu asubuhi hurudi limepakwa tope hadi juu ya bawa, na vijana wa fundi wakashika vibao na brashi kulikwangua upya, kwa sababu kilo chache za tope juu ya gari jepesi namna hiyo ni mzigo wa kweli.

Hapo ndipo wakati hufika wa kupima muda wa kila gari. Namba ya kutoka hupatikana kwa kura, na kura hiyo huweza kuamua usiku wa mtu kabla injini yake haijawaka. Udongo wenye kunata humwezesha dereva kuzunguka Knoxville kwa muda usiofika sekunde 15, lakini kila gari lipitalo hukwangua unyevu kidogo. Anayetoka mapema huikuta ardhi ingali changa. Anayetoka mwisho hupewa mabaki. Mara nyingine mambo hugeuka, hasa endapo maji yalizidi, na hapo wa kwanza huwa wafagiaji wanaowasafishia njia wenzao wa nyuma. Wanaonung'unika juu ya kura wana hoja, na waandaaji wanalijua hilo; ndiyo maana katika mbio za mchujo magari yenye kasi hupangwa nyuma ya yale ya polepole, ili aliyebahatika aoneshe kwamba hakubahatika tu. Hata hivyo bahati si kila kitu. Steve Kinser alishinda Knoxville Nationals mara 12, na Donny Schatz mara 11. Bahati ya kura haimwangukii mtu mmoja mara 12.

Siri ya watu wa namna hiyo ni kusoma. Dereva mzoefu hutembea kwa miguu uwanjani kabla ya mbio na kuubonyeza udongo kwa kisigino. Rangi humweleza mengi: weusi wa unyevunyevu ni mahali pa kushika, weupe wa kijivu ni pakavu, na penye kung'aa kama sakafu iliyosuguliwa ni utelezi mtupu. Huko nyuma mafundi wanangoja habari hizo ili wageuze springi na shokapu, wapunguze au waongeze upepo wa matairi, na wachonge mistari katika mpira wa tairi ili ushike vyema zaidi. Bawa nalo husogezwa. Kuna mtambo mdogo karibu na dereva, naye huweza kulisukuma bawa mbele au kulirudisha nyuma hali anakimbia. Udongo ukinata hulipeleka mbele. Ukianza kuteleza hulirudisha nyuma ili uzito uyaangukie magurudumu yanayosukuma.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanayajua mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambapo barabara ya udongo iliwatoa madereva wengi kuliko wapinzani wao. Lakini dereva wa Safari huipita sehemu moja ya barabara na kuiacha nyuma. Wa sprinti hurudi palepale baada ya sekunde 15, akapakuta pamebadilika, na miongoni mwa waliopabadilisha ni yeye mwenyewe.

Mabadiliko hayo ndiyo utamu wa mchezo. Mwanzoni kila mahali hushika, na magari hukimbia kwa nguvu zote. Baadaye katikati ya njia hukauka na kuwa laini, na udongo uliolegea hutupwa nje na matairi hadi ukajikusanya kuwa tuta karibu na ukuta. Tuta hilo ni msaada na ni mtego. Dereva huliegemeza tairi lake la nyuma la kulia hapo, likamzuia asiteleze nje, na huweza kuwapita kwa juu watu watano waliong'ang'ania njia ya chini. Lakini akilikosea kwa shibiri moja, au tuta likiwa limemomonyoka tangu mzunguko uliopita, huangukia ukutani au hubiringika. Katika uwanja wa Eldora, jimbo la Ohio, uliojengwa mwaka 1954, tuta mara nyingi huishia kwenye ukuta wenyewe, hata madereva wakaonekana kama wanaupangusa ukuta kwa magurudumu.

Hali inayochukiwa kuliko zote huja udongo ukikauka na kuwa mgumu mno. Mpira wa matairi huanza kubaki juu yake na kuchora mstari mweusi. Ndani ya mstari huo gari hushika kama liko juu ya lami. Nje yake huteleza. Basi magari yote hufuatana kama siafu, hakuna anayethubutu kutoka, na mbio huwa maandamano. Hapo kinachoamua ni tairi la nyuma la kulia, kwani mstari huo mweusi huyatafuna matairi. Anayeongoza hulazimika kukanyaga mafuta kwa huruma, akihesabu mizunguko iliyosalia, na mara nyingi tairi limempasukia mtu huku bendera ya ushindi ikionekana mbele yake.

Zamani makosa ya uso wa udongo yalilipiwa kwa bei kubwa zaidi. Karibu na Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ulifunguliwa mwaka 1926 uwanja wa Langhorne, duara la maili nzima lisilo na sehemu iliyonyooka. Udongo wake ulinyweshwa mafuta machafu ya injini ili kuzuia vumbi, ukawa mweusi, wenye kuteleza, na kuchimbika mashimo mbio zikiendelea. Sehemu moja baada ya mstari wa kuanzia iliharibika kiasi kwamba madereva walipabandika jina la Bonde la Matapishi. Mike Nazaruk, aliyekuwa wa pili katika mbio za maili 500 za Indianapolis mwaka 1951, alikufa Langhorne mwezi Mei 1955 akiendesha sprinti. Tarehe 19 Juni 1960 alikufa hapo Jimmy Bryan, mshindi wa Indianapolis wa mwaka 1958. Gari lake, la jamii iliyo kubwa kidogo kuliko sprinti, lilipinduka katika mzunguko wa kwanza kabisa. Mwaka 1965 uwanja uliwekwa lami, na mwaka 1971 ukafungwa.

Shimo ni hatari kwa sababu iliyo rahisi kueleweka. Gari linalokwenda kiubavu hutegemea kuteleza. Tairi likinaswa ghafula na ukingo wa mfuo, kuteleza hukoma lakini mwendo haukomi, nalo gari huruka juu. Ndiyo maana udongo unaonata sana, ingawa hupendeza kwa kasi yake, huogopwa pia: hapo ndipo mashimo huchimbika upesi zaidi.

Nao wenye fedha nyingi hawakusalimika. Mwaka 2021 uwanja wa Bristol, jimbo la Tennessee, ambao ni wa zege, ulifunikwa udongo kwa ajili ya magari ya NASCAR, ambayo hayakuwa yamekimbia juu ya udongo katika daraja lake la juu tangu mwaka 1970. Jumamosi ya tarehe 27 Machi ilinyesha mvua. Magari ya kwanza yalipotoka, tope lilifunika vioo na kuziba rejeta, na shughuli ikasimamishwa. Jumapili mvua ilizidi. Jumatatu jua lilitoka, na lile tope la juzi likawa vumbi zito hata madereva hawakuwaona walio mbele yao, ikabidi wapangwe kwa mstari mmoja kila mbio zilipoanzishwa upya. Dereva wa sprinti hana kioo cha kuzibwa. Juu ya kofia yake huwa na tabaka za plastiki nyembamba, naye huzichana moja moja kila zinapochafuka. Bristol iliendelea na udongo hadi 2023, na mwaka 2024 ikarudi kwenye zege.

Huko Knoxville mashindano ya Agosti huchukua siku kadhaa mfululizo, na fainali ya Jumamosi ni ya mizunguko 50. Kila usiku, madereva walioshindwa hupita kwa mtunza uwanja wakimwambia kwamba maji yalikuwa machache, na wengine kwamba yalikuwa mengi. Yeye huwasikiliza wote wawili. Watazamaji wanapokwisha kuondoka na taa za majukwaani kuzimwa, greda huingia kuburuta chini lile tuta la ukutani na kulisambaza tena juu ya njia, na boza hufuata nyuma yake kwa mwendo wa mtu anayetembea.