Jahmyr Gibbs na Nafasi ya 12: Majibu kwa Waliosema Alichaguliwa Mapema Mno

Usiku wa tarehe 27 Aprili 2023, mjini Kansas City, Detroit Lions walimchukua Jahmyr Gibbs wa Chuo Kikuu cha Alabama akiwa mchezaji wa 12 katika drafti ya NFL, shughuli ya kila mwaka ambamo timu za futiboli ya Marekani hugawana vijana wanaotoka vyuoni. Orodha nyingi za wachambuzi zilikuwa zimemweka chini zaidi, na lawama zilianza usiku uleule. Lawama za aina hiyo husikika hadi leo kila timu inapomtaja kijana ambaye watu hawakumtarajia. Ninazijibu moja baada ya nyingine, kwa sababu zote zimejengwa juu ya kosa moja: kumpima mchezaji kwa utabiri wa watu wa nje badala ya kumpima kwa kazi anayoitiwa.

Dai la kwanza: mkimbiaji hastahili nafasi ya juu

Mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira na kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, na kupenya katikati ya mabeki. Hugongwa sana, maisha yake uwanjani ni mafupi, na wengi wazuri wamepatikana raundi za chini. Hayo ni kweli. Lakini dai hili linamchukulia Gibbs kama mkimbiaji tu. Msimu wa 2022 alikimbia yadi 926, kisha akadaka mipira 44, na hakuna mchezaji mwingine wa Alabama aliyedaka mingi kama yeye. Meneja mkuu Brad Holmes na kocha Dan Campbell walikuwa wanamchukua mtu anayeweza kukabidhiwa mpira mara hii, na mara inayofuata akajipanga pembeni kama mdakaji.

Tazama na gharama. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa takriban dola milioni 17.8 kwa miaka minne, yaani chini kidogo ya milioni 4.5 kwa mwaka. Machi 2024 Philadelphia Eagles walimsajili Saquon Barkley kwa zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, akakimbia yadi 2,005 na kutwaa ubingwa. Mkimbiaji bora akinunuliwa sokoni ni ghali.

Dai la pili: beki wa pembeni angekuwa chaguo salama

Lions walihitaji mabeki, na Christian Gonzalez alikuwa bado hajachukuliwa. New England walimpata katika nafasi ya 17 na amekuwa beki hodari. Anayesema Gonzalez angewafaa Lions ana hoja ya haki. Lakini hiyo ni hoja ya mtu mmoja, si ya nafasi anayocheza. Nafasi ya 16 ya drafti hiyohiyo, Washington walimchukua Emmanuel Forbes, naye beki wa pembeni. Kabla msimu wake wa pili haujaisha, walimwacha. Anayechagua jina la nafasi badala ya mchezaji hajapunguza hatari yoyote.

Dai la tatu: angepatikana baadaye

Hili ndilo dai linalorudiwa zaidi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Wanaolitetea huonyesha kwamba mkimbiaji aliyefuata, Zach Charbonnet, alichaguliwa wa 52. Hiyo inaonyesha timu zilivyomwona Charbonnet; haisemi lolote kuhusu nani alikuwa akimtaka Gibbs. Chaguo lililofuata la Lions lilikuwa la 18, na kati ya hapo timu tano zingesimama mbele yao. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Isitoshe, wakosoaji husahau kwamba Lions walikuwa wameshashuka. Awali walikuwa na nafasi ya 6. Waliipa Arizona nafasi hiyo pamoja na ya 81, wakapewa ya 12, ya 34 na ya 168. Kwa ile ya 34 walimchukua Sam LaPorta, aliyedaka mipira 86 katika msimu wake wa kwanza. Anayekadiria thamani ya Gibbs bila kumweka LaPorta kwenye mizani anapima nusu ya mzigo.

Dai la nne: Lions walikuwa tayari na wakimbiaji

Walikuwa na David Montgomery, waliyemsajili mwezi mmoja kabla, na D'Andre Swift, ambaye siku mbili baadaye walimpeleka Philadelphia. Montgomery ni mtu wa nguvu, wa kusukuma. Gibbs ni wa kasi, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.36 mbele ya maskauti. Msimu wa 2023 Montgomery alikimbia yadi 1,015 na Gibbs 945. Walisaidiana, na Detroit ikashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu Januari 1992.

Dai la tano: mwili wake hautahimili

Gibbs ana urefu wa takriban sentimita 175 na kilo 90 hivi. Desemba 2024 Montgomery aliumia goti, na mzigo wote ukamwangukia. Katika mechi tatu zilizobaki, dhidi ya Chicago, San Francisco na Minnesota, alivuka yadi 100 kila mara. Mechi ya Minnesota, tarehe 5 Januari 2025, ndiyo iliyoamua nani aongoze kundi zima la NFC, mojawapo ya nusu mbili za ligi. Gibbs alifunga tachidauni nne, Lions wakashinda 31 kwa 9.

Dai la sita: sifa ni za wazuiaji waliomtangulia

Safu ya mbele ya Detroit, yenye Penei Sewell na Frank Ragnow, ilikuwa miongoni mwa bora. Lakini Montgomery alikimbia nyuma ya watu walewale. Mwaka 2024 alipata wastani wa yadi 4.2 kila alipopewa mpira. Gibbs alipata 5.6. Tofauti hiyo ni miguu yake mwenyewe.

Hana ukamilifu. Katika fainali ya NFC ya Januari 2024, Lions wakiongoza 24 kwa 17, yeye na kotabeki Jared Goff walipishana katika kukabidhiana mpira, ukaanguka, San Francisco wakauokota na kusawazisha. Lions wakapoteza 34 kwa 31. Kosa hilo liingie kwenye hesabu, kama zinavyoingia tachidauni zake 20 za msimu uliofuata.

Basi mtu akitaka kukosoa chaguo, aulize mambo matatu: timu ilitaka kazi gani, kijana alionyesha nini chuoni, na bei yake yote ni ipi. Kwa Gibbs, majibu yote yalikuwapo usiku uleule wa drafti. Orodha za watabiri hazikuuliza hata moja.