Msukumo wa Maji Haununuliwi Dukani

Si jambo geni siku hizi kukuta boma katika eneo la Naitiri, Kaunti ya Bungoma, lenye kisima, pampu, tangi la plastiki na mifereji ndani ya nyumba. Eneo hili lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi kabla ya kugawiwa wananchi baada ya uhuru wa 1963, na hadi leo maboma yametawanyika, kila moja katika shamba lake. Ndiyo sababu kisima cha nyumbani ni tegemeo la jamaa nyingi. Mwenye kukichimba ametumia jasho la misimu kadhaa ya mahindi.

Hata hivyo, wengi wanaofungua mfereji huambulia maji yanayochuruzika mithili ya uzi. Mama hurudia ndoo, na mtoto hukawia kwenda shuleni akingoja mtungi ujae. Kisha hupatikana mshauri anayesema kuwa pampu ni ndogo. Magunia ya mahindi huuzwa, pampu kubwa hununuliwa, na mara nyingi mfereji hubaki vile vile. Nionavyo mimi, hasara hii haitokani na umaskini wa mali pekee. Inatokana na elimu tuliyoifungia darasani.

Yafaa ikumbukwe kwamba, maji yanaposhuka kutoka tangini, msukumo wake, ambao wanasayansi huuita kanieneo, hutokana na kimo. Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji tangini na mfereji huongeza takriban kilopaskali 10. Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Tangi la lita 10,000 lililokaa chini hushindwa na tangi la lita 500 lililoinuliwa vyema. Na pampu inayojaza tangi hilo, iwe kubwa au ndogo, haina athari yoyote kwa maji yanayoshuka kwenda jikoni. Anayeinua tangi kutoka mita 1 hadi mita 3 juu ya mfereji ameongeza msukumo takriban mara tatu bila kununua mashine yoyote.

Msukumo huo hupotea njiani. Bomba jembamba huyasugua maji na kuyapunguza nguvu. Ukipitisha kiasi kile kile cha maji katika bomba lenye nusu ya kipenyo, hasara ya msukumo huongezeka takriban mara 30. Ndipo utaona kosa la kutandaza bomba la nusu inchi kutoka tangini hadi nyumbani, lenye kona tele na vali iliyojaa kutu, kisha kuilaumu pampu. Bomba la inchi moja, kona chache na chujio lililosafishwa huenda likamaliza malalamiko yote.

Kuna na suala la pampu inayokaa juu ya ardhi na kuvuta maji kisimani. Tangu majaribio ya Mwitaliano Evangelista Torricelli mwaka 1643, imejulikana kuwa si pampu inayoyapandisha maji hayo, bali hewa inayoyakandamiza kutoka nje. Kwenye usawa wa bahari hewa haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi. Nyanda zetu ziko juu. Mji jirani wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya bahari, na huko kikomo hicho hushuka hadi mita 8 hivi. Kwa pampu halisi huwa pungufu zaidi. Kiangazi kinapofika na maji yakashuka chini ya kina hicho, hata pampu kubwa namna gani haitavuta. Itakiwayo ni pampu ya kuzamishwa majini, ambayo husukuma badala ya kuvuta.

Isitoshe, kisima kina kipimo chake. Kikipokea lita 10 kwa dakika kutoka ardhini, pampu inayotoa lita 40 kwa dakika itakikausha, itakoroga matope na hatimaye kuungua. Mwenye nyumba atakuwa amepoteza pampu na maji pamoja.

Hatari nyingine si za fedha. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Kuliweka juu ya miti iliyooza ni kuwategea watoto mauti. Nayo mabomba yenye nyufa, msukumo unapopungua, huweza kufyonza maji machafu ya ardhini hadi kwenye kikombe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utagharamia matibabu ya homa ya matumbo.

Sasa, ndugu walimu, ni lipi katika haya ambalo halimo katika somo la sayansi? Vizazi vya wanafunzi vimechora kopo lenye matundu matatu na kueleza kwa nini tundu la chini hurusha maji kwa nguvu zaidi. Wamepata alama, kisha wakarudi katika nyumba ambazo tangi limekaa sakafuni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai mwanafunzi atende anachojifunza. Basi na aanze na kisima cha kwao. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha kupima mfereji. Kamba yenye jiwe, ikishikwa na mtu mzima, itaonyesha kina cha maji. Utepe utapima kimo cha tangi. Darasa zima likileta vipimo hivyo, litakuwa na somo ambalo hakuna kitabu kilicholiandika.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya fundi, na kwamba wazazi hulipa karo ili watoto wapite mitihani. Simdharau fundi, wapo walio stadi sana. Lakini familia isiyojua kuuliza kimo, kipenyo na kina haina njia ya kumtofautisha fundi stadi na mchuuzi wa pampu. Mtoto anayejua kuuliza maswali hayo matatu amewaokolea wazazi wake fedha ambazo zingetosha karo yenyewe.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiwango cha kutosha. Serikali haijaepushwa na wajibu huo. Lakini wakati tukiidai haki hiyo, tusiyaache maji yaliyokwisha kuchimbwa yapotelee kati ya kisima na jikoni. Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kabla ya gunia jingine la mahindi kuuzwa, mwanafunzi na achukue utepe akapime kimo cha tangi.