Kupasua si kusafisha!

Jamani, tusidanganywe na kila mtambo unaoitwa "wa ultrasoniki" wa kusafisha maji. Mawimbi ya kHz 20 na zaidi huzaa viputo majini. Viputo vikisinyaa ghafla hutenganisha chembe zilizogandana na kuchanganya mafuta na maji. Kiwandani ni kazi safi sana. Lakini uchafu uliopasuliwa bado umo majini!

Na floridi ya visima vya Nakuru, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia? Imeyeyuka, hakuna cha kupasua. Mkaa wa mifupa huipunguza, sauti haipunguzi. Ni kama kukata faili lenye virusi vipande vipande ukidai umelisafisha.

Muuzaji akija, mdai vipimo vya maabara, kabla na baada. Hana? Funga pochi.