Bei Moja Si Lazima Iwe Bei ya Haki

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Lilikuwa jambo la busara, kwani chombo kilichonunuliwa kwa fedha za wananchi kiliendelea kuwatumikia wananchi. Lakini chombo bila programu ni sawa na jembe lisilo na mpini. Mwalimu wa Nemba, wilayani Biharamulo, anayetaka kuandaa mitihani na kujumlisha alama kwa kompyuta, ana haki ya kuuliza: bei ya programu hizo imepangwa kwa kumfikiria nani?

Tuchukue mfano mmoja. Tangu Januari 2025 programu za ofisi za Microsoft 365, kwa mtumiaji mmoja, zimekuwa zikiuzwa nchini Marekani kwa dola 99.99 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara katika sheria ya shirikisho ya nchi hiyo ni dola 7.25 kwa saa. Kwa hiyo hata Mmarekani wa kipato cha chini huipata bei hiyo kwa kazi ya saa 14 hivi, yaani chini ya siku mbili. Hapa kwetu kima cha chini cha mtumishi wa umma, kilichoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, mtumishi huyo akidaiwa bei ileile atatoa nusu ya mshahara wake wa mwezi mzima.

Wapo watakaosema kwamba bei moja kwa wote ndiyo usawa wenyewe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi yetu. Katika miaka ya 1970 tuliamua mahindi yanunuliwe kwa bei moja nchi nzima, ili mkulima wa Rukwa au Ruvuma asiadhibiwe kwa kuwa mbali na Dar es Salaam. Wakulima wa mikoa hiyo walinufaika. Hata hivyo, gharama za kuyasafirisha mahindi zililielemea Shirika la Taifa la Usagishaji, na katika miaka ya 1980 utaratibu huo ukaachwa.

Fundisho la historia hiyo ni kwamba bei moja ilikuwa ya haki kwa sababu ilimpunguzia mnyonge mzigo, na ilishindikana kwa sababu lori, dizeli na barabara vina gharama. Programu ya kompyuta haipandi lori. Kazi kubwa ni kuiandika. Ikishaandikwa, nakala inayofika Nemba haimgharimu mwenye kampuni zaidi ya ile inayofika London. Akimuuzia mwalimu wetu kwa robo ya bei hapati hasara, bali anapata robo ambayo asingeipata kabisa. Hapa, basi, bei moja ndiyo inayomwongezea mnyonge mzigo.

Wala hatuombi jambo lisilowahi kutendeka. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350, na kampuni kubwa nazo zikapunguza bei zao kwa nchi maskini. Ikiwa hayo yamewezekana kwa dawa, ambayo kila kidonge chake hutengenezwa kiwandani, yatashindikanaje kwa programu?

Kampuni huhofu kwamba wateja wa nchi tajiri watajipenyeza kununua kwa bei ya nchi maskini. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ipo: leseni zitolewe kwa shule na ofisi zinazojulikana, si kwa kila ajaye. Kampuni zitambue pia kwamba bei isiyolipika huwasukuma watu waaminifu kwenye nakala za wizi. Hatuwatetei wanaozitumia, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawahusu wote, na nakala hizo mara nyingi huingiza virusi katika mashine za umma.

Sisi nasi tusikae tukingoja huruma. Mwalimu mmoja hana sauti mbele ya kampuni ya kimataifa, lakini Wizara inayozungumza kwa niaba ya walimu wote wa nchi ni mteja mkubwa asiyeweza kupuuzwa. Tangu Julai 2022 huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ni vema ikatazamwa namna ya kumpunguzia mzigo huo mwalimu anayenunua kwa ajili ya kufundishia. Aidha, zipo programu zisizouzwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili na bila malipo. Walithibitisha kwamba uwezo tunao.

Kampuni zipange bei kwa kutazama kipato cha mnunuzi, nasi tujadiliane nazo kwa sauti moja huku tukiendeleza vya kwetu. Mwalimu wa Nemba hataki sadaka. Anataka kulipa kwa halali, kwa bei ambayo mshahara wake unaiweza.