Si Kila Taa ni Betri

Kuna uongo mmoja unaozunguka kutoka Isebania hadi Mbita, na umekula pesa za watu wengi: eti magari ya haibridi hayafai huku kwetu. Utausikia stendi ya Migori, utausikia kwa kinyozi Homa Bay, utausikia kwa mjomba ambaye hajawahi kushika usukani wa gari kama hilo hata siku moja. "Hiyo ni gari ya Nairobi, omera. Nunua Probox ulale usingizi."

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kazi yangu iko Migori, na wiki zingine niko Homa Bay. Nimefungua haibridi za kutosha kusema hivi bila kupepesa macho: hayo magari hayana ugomvi na barabara zetu. Tunachokosa ni programu. Tumeuziwa kompyuta yenye magurudumu, halafu tukaachwa na magurudumu peke yake.

Wacha nianze na sababu ya watu kuyanunua. Mwezi wa Septemba 2023 bei ya petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita. Mtu anayetoka Awendo kwenda kazini Kisii kila siku hakuhitaji hotuba ya mazingira. Alipiga hesabu, akaona Toyota Aqua au Honda Fit haibridi itampunguzia maumivu. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Kile ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba gari lile lina kompyuta kadhaa ndogo, zile ambazo mafundi wengi huita kontrolboksi: moja ya injini, moja ya betri kubwa, moja ya mota, moja ya breki. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe kila sekunde. Kila moja ina programu yake, na programu, kama ile ya simu yako, huwa na makosa ambayo mwenye kiwanda huyagundua baadaye na kuyarekebisha.

Hii si nadharia. Mwezi wa Februari 2014, Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani kote zirudi gereji, na karibu milioni moja kati ya hizo zilikuwa Japani. Tatizo lilikuwa programu. Ndani ya Prius ya wakati huo, ile tunayoiita namba 30, kuna kifaa kinachopandisha umeme wa betri kutoka volti 201.6 hadi kufikia 650 wakati gari linahitaji nguvu. Programu iliendesha kifaa hicho kwa namna ambayo, ukikanyaga sana, transista zake zingeweza kupata joto kupita kiasi na kuungua. Taa zinawaka, gari linapunguza nguvu, na mara nyingine linazima likiwa barabarani. Tiba ya kuzuia hilo ilikuwa kuweka programu mpya. Mwaka wa 2018 Toyota iliita tena haibridi milioni 2.43, nyingi zikiwa zilezile, kwa sababu programu ya kwanza haikufunga kila mwanya.

Honda nayo? Fit haibridi ilianza kuuzwa Japani Septemba 2013. Kufikia Oktoba 2014, Fit na ndugu yake Vezel zilikuwa zimeitwa kurudi mara tano, na kati ya mara hizo kadhaa zilihusu programu ya gia na ya injini. Aibu ilikuwa kubwa mpaka rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, na wakubwa wenzake wakakatwa sehemu ya mishahara yao.

Sasa jiulize: magari hayo yalienda wapi? Kenya inaruhusu gari kuukuu lisilozidi miaka 8. Prius na Fit za miaka ile zilipofika umri wa kuuzwa mnadani, zilipanda meli, zikashuka Mombasa, zikaja kwetu. Barua ya kumwita mwenye gari ilienda kwa mwenye gari, na mwenye gari ambaye kiwanda kilimjua alikuwa mtu wa Japani. Mwalimu wa Rongo hayumo kwenye orodha yao. Gari limeshavuka bahari na ugonjwa wake ndani, tena ugonjwa wenye dawa ya bure, na hakuna mtu aliyemwambia.

Nitoe mfano mmoja. Mteja wangu, mwalimu wa sekondari, alikuja na Prius iliyokuwa inapoteza nguvu kila akipanda mlima wa kwenda Kisii. Kabla ya kunifikia alikuwa ameshauziwa betri kubwa nzima kwa mkopo wa sacco. Taa zilirudi baada ya wiki mbili. Nikaweka mashine, nikasoma namba: P0A94. Mtu yeyote anayefanya kazi hii anapaswa kujua kwamba namba ya betri iliyochoka ni P0A80. P0A94 inakuelekeza kwenye kile kifaa cha kupandisha volti. Nikachukua namba ya chesisi, nikaiweka kwenye ukurasa wa kiwanda wa Kijapani, nikaacha simu initafsirie. Gari lilikuwa kwenye orodha ya 2014, na hakuna aliyewahi kuligusa.

"Sasa fundi, ukiweka hiyo programu itapona?"

"Hapana, madam. Programu ingezuia kuungua. Kilichoungua hakiponi kwa programu."

Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa bado analipia betri ambayo hakuihitaji, na sasa ilibidi atafute inveta. Kabla ya hapo alikuwa amepiga simu kwa duka moja la wakala, ambalo sitalitaja, akajibiwa kwamba gari hilo halikuuzwa na wao. Kiwanda kinamjua mtu wa Japani, wakala anamjua mtu aliyenunua gari jipya, serikali inamjua mlipa ushuru. Yeye mwenye gari, nani anamjua?

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema haibridi ni laana, nakasirika. Laana haina namba ya kosa.

Najua jibu la upande wa pili, na sitaki kulidharau. Wanasema kuingiza programu kwenye kontrolboksi si kazi ya jua kali. Wanasema ukikosea utaua kompyuta, na kwamba zile nyaya za rangi ya machungwa zinaweza kukuua wewe mwenyewe. Yote ni kweli. Programu inapoandikwa kupitia ile soketi iliyo chini ya usukani, volteji ya betri ndogo haitakiwi kuyumba hata kidogo. Laptopu ikizima katikati, au chaja ikakatika kwa sababu stima imepotea mtaa mzima, kontrolboksi inabaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, na gari haliwaki tena. Hapa kwetu stima hupotea bila kuaga. Fundi mwenye akili anaweka betri ya akiba na chaja ya kutuliza volteji kabla ya kubonyeza chochote.

Lakini angalia mantiki hiyo inatupeleka wapi. Wanasema kazi ni ya hatari, kwa hivyo wasipewe. Wasipopewa, je, kazi inaacha kufanyika? Haiachi. Inafanyika usiku, kwa programu ya kunakiliwa iliyotoka kwenye flashi ya mtu asiyejulikana, yenye virusi, isiyo na toleo jipya, mikononi mwa kijana ambaye hakuna aliyemfundisha. Kufunga mlango hakukuondoa hatari. Kumeihamisha kutoka kwenye gereji yenye vifaa hadi kwenye gereji isiyo na kitu, halafu yule aliyefunga mlango anaitumia hatari hiyo kama ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Huo ni mchezo, na wanaopoteza ni watu wa Ndhiwa na Nyatike.

Tena si kweli kwamba haiwezekani kufanya vingine. Jimbo la Massachusetts huko Marekani, wapiga kura waliamua mwaka wa 2012 kwamba gereji huru zipate taarifa na vifaa vilevile vya wakala, na mwaka wa 2020 wakapiga kura tena kuongeza nguvu ya haki hiyo. Utasema Marekani ni Marekani. Haya, twende Afrika Kusini. Tangu tarehe 1 Julai 2021, Tume ya Ushindani ya huko ina miongozo inayotaka viwanda vya magari viziruhusu gereji huru kupata taarifa za kiufundi na vifaa kwa masharti ya haki. Bado kuna kuvutana, lakini fundi wa Soweto ana karatasi ya kushika mkononi. Fundi wa Migori ana spana na maombi.

Na si eti sheria yetu iko kimya. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyonunua, na haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Soma tena: taarifa anazohitaji. Gari lililoitwa na kiwanda chake kwa kosa la usalama, na mnunuzi hajaambiwa, ni taarifa gani basi Katiba ilikuwa inazungumzia? Za rangi ya viti?

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, gari la haibridi likikaguliwa kabla ya kuingia nchini, namba ya chesisi iangaliwe kwenye orodha ya kiwanda na jibu liandikwe kwenye karatasi. Katika karatasi zote ambazo wateja wangu wameniletea, sijaona mstari huo. Nimeona umri wa gari na kilomita. Kuangalia namba ya chesisi ni kazi ya dakika tano.

Pili, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ifanye kama wenzao wa Afrika Kusini: iandike miongozo, iweke wazi kwamba anayetaka kuuza au kuhudumia chapa fulani hapa hawezi kuwafungia wengine programu yake.

Tatu, na hili ni letu sisi wa huku. Katiba hiyohiyo, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Magavana wa Migori na Homa Bay hawana haja ya kungoja Nairobi. Laptopu moja yenye usajili halali, kifaa kimoja cha kuunganisha na gari, chaja moja ya kutuliza volteji na glavu za volti kubwa kwa kila kaunti. Viwe chuoni. Fundi alete gari, alipe ada, aonyeshwe kazi, na mwanafunzi aliye pembeni ajifunze. Sisi hujenga mageti ya mamilioni ya kukaribisha wageni mjini. Tunaweza kununua chaja.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, labda ukiwa na picha ya Aqua ya bei nzuri kwenye tabo nyingine, usingoje gavana. Kabla hujatuma hata shilingi, mwambie muuzaji akupe namba ya chesisi, yote, si picha ya redio na rimu. Iangalie kwenye ukurasa wa kiwanda. Kijapani kitatafsiriwa na simu yako. Kama gari liliitwa, uliza kama lilitengenezwa, na punguza bei kama jibu ni kigugumizi. Na siku taa itakapowaka, usikubali neno "betri" kutoka kwa mtu ambaye hajakuonyesha namba ya kosa. Mwambie aweke mashine. Akikataa, chukua funguo zako uondoke. Fundi anayekuuzia betri bila kusoma namba ni sawa na daktari anayekupasua bila kukupima, na kwa daktari kama huyo usingekaa hata dakika moja.