"Amani Kwanza" Ni Kauli ya Kutunyamazisha

Ipo kauli moja ambayo mtu hamalizi wiki Kasongo bila kuisikia. Utaisikia barazani baada ya sala ya Ijumaa, utaisikia nje ya kanisa Jumapili, utaisikia kwa mwalimu anayengoja mshahara na kwa mheshimiwa anayepita kuomba kura: "Hayo ya misitu na tabianchi ni mazuri, lakini amani kwanza. Barabara kwanza. Watu washibe kwanza." Kule Kabambare, ambako kuna familia zilizohama mara nyingi hata hazijui tena nyumbani ni wapi, kauli hiyo haina wa kuijibu. Nani atapinga? Mama aliyelala porini na watoto kwa kuogopa bunduki, ukimwendea na habari ya hewa ya ukaa, atakuona umekosa adabu.

Mimi napinga, na sipingi kwa kudharau amani. Napinga kwa sababu nimeona neno hili "kwanza" linavyofanya kazi. Kila linapotamkwa, kuna kitu kinaondoka mikononi mwa wananchi, mti au kilima au mto, nao wanaambiwa wasubiri zamu yao. Zamu yenyewe haifiki.

Tuanze na mvua, maana mvua haikuulizwa kama iko tayari kusubiri. Mwaka 2025 Kongo yote ya mashariki ilikuwa inatazama vita. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na redio hazikuwa na habari nyingine. Basi usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei, katika kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, ng'ambo ya milima yetu upande wa Fizi, mvua kubwa iliujaza mto ukatoka kingoni. Maji yalishuka na mawe na matope, yakabeba nyumba watu wakiwa wamelala. Wakuu wa eneo walitaja vifo zaidi ya 100. Miaka miwili kabla yake, Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe vilizika watu zaidi ya 400 kwa namna hiyo hiyo. Hao wote walikuwa watu wa nchi yenye vita, watu walioambiwa amani kwanza. Kaburi lao halikuchimbwa na risasi.

Mtu atasema: hiyo ni amri ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini nani alijenga wapi, mlima gani ulivuliwa miti, na nani alistahili kupata onyo asilipate, hayo ni ya wanadamu.

Huku kwetu kusini mwa Maniema madhara hayaji kwa kishindo kila mara. Sisi tunakaa mahali msitu mkubwa unapoishia na nyika inapoanza. Bonde la Kongo hujitengenezea sehemu kubwa ya mvua yake lenyewe: maji yanayopanda angani kutoka kwenye majani ya miti hurudi chini kama mvua, mbali kidogo na pale yalipotoka. Anayekaa pembezoni mwa msitu anategemea pumzi ya msitu ulio nyuma yake. Na mpunga wetu, ule ulioletwa na watu wa Pwani zama za soko la Nyangwe na misafara ya pembe za ndovu, haulimwi kwa mifereji. Ni mpunga wa mvua. Unataka ardhi mpya iliyofyekwa msituni, halafu muhogo hufuata, halafu shamba huachwa lipumzike miaka. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa wazee, nao ulikuwa na akili, kwa sharti moja: ardhi ipumzike.

Sasa tazama vita vinavyofanya. Watu wanakimbia mashamba ya mbali kwa hofu, wanasongamana kando ya barabara na kuzunguka mji. Ardhi ile ile inalimwa tena na tena bila kupumzika, miti ile ile ya karibu inageuzwa makaa, maana mji uliojaa wakimbizi hauna umeme wa kupikia. Mavuno yanapungua. Mavuno yakipungua, kijana anaacha jembe na kwenda machimboni, na akifika machimboni anakuta mwenye bunduki akimdai kodi. Nionyeshe katika mnyororo huu ni wapi amani inaishia na mazingira yanaanzia. Mimi sioni. Anayesema tutatengeneza kimoja kwanza, kingine baadaye, anasema habari ya mahali pengine, si Kasongo.

Na kama kuna sehemu inayoivunja kauli hii vipande vipande, ni Salamabila.

Namoya, ndani ya Salamabila, katika eneo la Kabambare, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Kanada iitwayo Banro ilifungua mgodi mkubwa wa kisasa na kutangaza Januari 2016 kuwa umeanza uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji wa mikono, waliokuwa wakiishi kwa vilima hivyo, walitakiwa kuondoka. Ukazuka ugomvi wa ajira, wa fidia, wa makazi mapya, wa nani ana haki ya kuchimba wapi. Ugomvi huo ungeweza kumalizwa mezani. Haukumalizwa, na mahali pa meza pakachukuliwa na Mai-Mai Malaika, kundi lililojitangaza kuwa mtetezi wa wenyeji huku likiishi kwa dhahabu ile ile. Mwaka 2017 wafanyakazi wa mgodi walitekwa. Mwaka 2019 yalikuja mapigano, utekaji mwingine, na mgodi ukasimamisha kazi. Vijiji vikakimbia.

Hapo nani alikuwa amedai amani kwanza? Wote. Serikali ilileta askari ili kuwe na amani, kampuni ilisema haiwezi kufanya kazi bila amani, na wananchi waliambiwa wasilete madai wakati huu wa hatari. Lakini madai yao ya ardhi na haki ndiyo yalikuwa moto wenyewe. Ukiuzima moshi ukauacha moto, utakohoa maisha yako yote. Salamabila ilihitaji haki ili ipate amani, nayo ilipewa foleni.

Neno "kwanza" si geni kwetu. Babu zetu waliambiwa hivyo hivyo kuhusu pamba. Maniema ni miongoni mwa sehemu ambako Wabelgiji walifanya majaribio ya mwanzo ya zao hilo, na mwaka 1917 wakatoa amri ya kilimo cha lazima. Mkulima alipimiwa shamba la pamba, akapimiwa na siku za kulitumikia, bei ikapangwa na mnunuzi. Aliyekataa alikula kiboko au kifungo. Aliambiwa pamba kwanza, ustaarabu na mali vitakuja. Kabla ya pamba ilikuwa pembe za ndovu, na watu waliozibeba wakiwa na minyororo shingoni. Baada ya pamba ikawa dhahabu. Katika kila zama mwenyeji wa Kasongo na Kabambare aliwekwa wa mwisho katika mstari wa kunufaika na wa kwanza katika mstari wa kulipa.

Wapo wanaoikubali hoja yangu nusu, kisha wanakimbilia kwingine: "Sisi hatukuchafua hewa. Waliochafua ndio watengeneze." Sentensi ya kwanza ni kweli tupu. Hewa ya ukaa inayotokana na petroli, gesi na makaa ya mawe, kwa Mkongomani mmoja kwa mwaka, haifiki hata kilo 100. Mmarekani mmoja anapita tani 13. Hilo ni deni, na deni hudaiwa. Lakini lini umeona mdai akilipwa kwa kukaa nyumbani kimya? Novemba 2021, kule Glasgow, nchi yetu ilitia sahihi makubaliano ya dola milioni 500 kwa ajili ya kulinda misitu. Novemba 2022, kule Misri, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa kufidia hasara za tabianchi. Fedha za namna hii humfuata mwenye karatasi, mwenye ramani, mwenye jina linalojulikana ofisini. Kijiji kisichojulikana mpaka wake kitatajwa katika ripoti tu. Mama wa Wamaza ambaye mpunga wake ulikauka ana haki ya kuulizwa ni kiasi gani cha fedha hizo kimewahi kumfikia, na mkutanoni tusimkalishe nyuma, maana yeye ndiye wa kwanza kujua mvua imechelewa.

Na ile "barabara kwanza" nayo. Barabara naitaka kama kila mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia kuelekea Kindu. Lakini waulizeni jirani zetu wa Katanga ya juu habari ya mukula, ule mti mwekundu. Malori yalikuwepo, barabara ya kwenda Zambia ilikuwepo, mnunuzi wa China alikuwepo. Mti ulipungua upesi mno, hata mwaka 2019 mataifa yakauweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake lazima idhibitiwe. Mwanakijiji aliyeukata alipata pesa ya siku chache. Barabara ikifika kwa watu ambao hawajajipanga, kitu cha kwanza kupita juu yake ni mali yao.

Basi wananchi wafanye nini, na wana silaha gani? Silaha zipo, na hazina risasi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira salama, na inamwekea wajibu wa kuyatetea. Haikusema amani ikisharudi. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka, kwa jina la jamii yenyewe na si la sultani peke yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa kila mgodi iende kwa sekta au usultani ulipo mgodi huo, na juu yake kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Ni watu wangapi wa Kabambare wanaoijua hiyo 15? Asiyejua fungu lake hawezi kuuliza limekwenda wapi.

Najua jibu litakalokuja: karatasi haimzuii mwenye bunduki. Ni kweli, wala sitamwambia mtu yeyote asimame peke yake mbele ya kundi lenye silaha. Anayesema hadharani katika sehemu zetu anajitia hatarini, na anayeandika kama mimi hana ruhusa ya kusahau hilo. Ndiyo maana kazi hii ni ya wengi pamoja, kijiji na kijiji, wanaume na wanawake, wazee na vijana. Vijana walioanzisha harakati ya LUCHA mjini Goma mwaka 2012 walidai maji, kazi na barabara katika mwaka ule ule ambao M23 iliuteka mji wao mara ya kwanza. Hawakungoja vita viishe ndipo waone kiu. Na serikali ilipopiga mnada vitalu 30 vya mafuta na gesi Julai 2022, wananchi na mashirika ya Kongo walipaza sauti bila kuchoka, mpaka Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Serikali ilisema sababu ni maombi mabovu ya kampuni, na mwaka 2025 ikarudi na vitalu 52. Kwa hiyo hata ushindi una msimu wake wa kupalilia.

Jambo moja lazima tukiri kwa uchungu. Sisi wenyewe tumezoea kuita mradi kazi ya wananchi. Maniema iliwahi kupitiwa na mpango mkubwa wa Tuungane, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2007, wenye kamati za vijiji zilizochaguliwa kwa kura. Madarasa na zahanati vilijengwa, na vinafaa. Lakini watafiti waliokuja kupima, walipotoa ripoti yao mwaka 2012, hawakuona kwamba mpango ule umebadilisha namna watu wanavyojiongoza. Kamati iliyozaliwa na bajeti huzikwa na bajeti. Msitu hauwezi kulindwa na kamati inayongoja posho ya kikao.

Kiangazi kinapofika, kabla panga halijagusa msitu wa mpunga mpya, ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, kaeni kikao kijiji kwa kijiji. Tembeeni mpaka wenu pamoja na majirani, mkubaliane ni wapi patalimwa na ni wapi pataachwa, mwandike, mtie sahihi wote, na wamama wawe wa kwanza kusema. Kisha nendeni kwenye ofisi ya sekta, wengi, kwa adabu na kwa barua yenye nakala, mkaulize: asilimia 15 yetu iko wapi? Msiondoke kwa jibu la mdomo.